Mkoa wenye majibu, halmashauri zisizouliza

Mwaka 2020 panya mmoja aitwaye Magawa alivishwa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza, PDSA, kwa kazi yake ya kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini huko Kambodia. Hadi anastaafu mwaka uliofuata, alikuwa amebaini zaidi ya mabomu na mabaki ya silaha 100. Picha yake akiwa na medali ilizunguka dunia, na sisi nasi tuliirusha kwenye magrupu ya WhatsApp tukicheka. Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba yule panya ni wa Morogoro. Alizaliwa SUA, ambako shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limekuwa likifuga na kufundisha panyabuku tangu mwaka 2000. Wenzake wengine hawapandi ndege: wanabaki hapa hapa nchini wakinusa makohozi yaliyotoka vituo vya afya, na kubaini wagonjwa wa kifua kikuu ambao darubini iliwapita.

Ukitaka mfano wa uchumi wa maarifa, usihangaike na Silicon Valley. Panyabuku wapo kwenye mapori mengi ya nchi hii, na kuna sehemu wanamfanya kitoweo. Thamani haipo kwenye panya. Ipo kwenye kujua namna ya kumfundisha kwa takribani miezi tisa mpaka akinusa baruti akwaruze ardhi, na kuweza kulirudia jambo hilo kwa panya mwingine, na mwingine tena. Maarifa ya namna hiyo hayachimbwi wala hayavunwi. Yanajengwa na watu waliokaa sehemu moja wakihangaika na swali moja kwa miaka.

Na Morogoro haina hilo moja tu. Shuka Ifakara. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya watafiti wa Uswisi. Leo ni taasisi ya Kitanzania inayosikilizwa kila panapozungumzwa habari za mbu na malaria. Miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wake waliuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu madukani kwa jina la Zuia Mbu, halafu wakapima nini kilitokea. Uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Matokeo yale yakaja kuipa nguvu hoja ya mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004 kuwapa wajawazito vyandarua kwa bei ya punguzo. Panda tena mpaka Dakawa, kwenye kituo cha utafiti wa mpunga. Ile mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima wanaijua zaidi kwa jina la SARO 5, ina jina la Dakawa ndani yake: herufi D ni ya hapo. Leo unaikuta kwenye skimu za umwagiliaji mbali kabisa na Mvomero.

Panya, mbu na mpunga. Mkoa mmoja.

Sasa jiulize: katika hadithi hizi tatu, serikali iliyo karibu nasi, yaani mkoa na halmashauri zake, ilikuwa wapi? Panya waliletwa na wazo na fedha za Wabelgiji. Maabara ya Ifakara ilianzishwa na Waswisi. Mpunga ni kazi ya serikali kuu. Halmashauri ilikuwa mwenyeji, na mwenyeji mkarimu, sikatai. Ilitoa eneo, ilitoa vibali, ilituma mwakilishi kwenye ufunguzi. Lakini haikuuliza swali wala haikulipa ili ipate jibu. Kila Agosti pale Uwanja wa Nane Nane mambo ni yale yale. Mgeni rasmi anapita kwenye mabanda ya vyuo, anaonyeshwa mashine ya kukaushia mboga au programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mahindi, anasema hongereni sana vijana, anasaini kitabu, msafara unaondoka. Tarehe 9 mabanda yanabomolewa na ile mashine inarudi stoo.

Hoja yangu ni hii. Tunapozungumzia namna serikali za mikoa zinavyoweza kukuza ubunifu, mazungumzo yote yanaishia kwenye majengo, mashindano na mikopo. Vitu hivyo vina nafasi yake. Ila kazi ya kwanza ya serikali ya mkoani ni kuwa mteja wa maarifa: iseme waziwazi ina tatizo gani, iweke fedha hata kidogo juu ya tatizo hilo, na inunue jibu kutoka kwa watu walio karibu nayo. Tusipopata hilo, tutaendelea kuhitimu na kupanda basi la Dar.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu nani ana nini, maana vijiweni huwa tunachanganya. Mkoa wenyewe hauna pochi kubwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliuacha na sekretarieti chini ya Katibu Tawala, kazi yake kubwa ikiwa kuratibu, kushauri na kusimamia. Mwenye mapato ya ndani, baraza la madiwani na uwezo wa kutunga sheria ndogo ni halmashauri. Morogoro zipo tisa, kuanzia Manispaa hadi Malinyi. Na hata hizo zimepita mengi: mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulizifuta serikali za mitaa, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na mpaka leo kila chanzo cha mapato kinachonona huwa kinaangaliwa kwa jicho la husuda kutoka juu. Kodi ya majengo, kwa mfano, tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU. Kwa hiyo ninapodai halmashauri inunue maarifa, sidai kama mtu anayeamini kuna hela zimelala mahali.

Ila kuna hadithi moja ya hapa hapa ambayo ingestahili kufundishwa darasani, kwa sababu inaonyesha kwamba hela si kikwazo cha kwanza.

Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Canada kiitwacho IDRC walianzisha mradi ulioitwa TEHIP. Walichagua wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, na wakati ule Morogoro Vijijini ilikuwa bado inaimeza Mvomero. Swali lao lilikuwa la kawaida mno: hivi fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye magonjwa yanayoua watu? Kulijibu halikuwa jambo la kukaa ofisini, kwa sababu watu wengi walikuwa wanafia nyumbani, na aliyefia nyumbani haonekani kwenye daftari la hospitali. Ikabidi watu wapite kaya kwa kaya, wakae na wafiwa, waulize kwa adabu: marehemu alianzaje kuumwa, homa ilikuwa ya namna gani, alikohoa, aliharisha? Kutokana na majibu hayo wakakadiria nani amekufa kwa nini.

Picha iliyotoka ilikuwa ya aibu. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini kwenye bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5. Na wale waliopanga hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya tunachokifanya wote: kuchukua bajeti ya mwaka jana, kuongeza kidogo hapa, kupunguza kidogo pale, na kufuata mfadhili anataka nini. Hakuna aliyekuwa amewawekea mbele karatasi inayosema watoto wa wilaya yako wanakufa kwa hiki.

Karatasi hiyo ilipofika, tena imechorwa kwa grafu ambazo mtu wa kawaida anazielewa, timu za afya za wilaya zikahamisha fedha. Zikaenda kwenye vyandarua, na kwenye kuwafundisha wahudumu namna ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa kumwangalia mzima mzima badala ya kukimbilia dalili moja. Mradi ulikuwa umeahidi kuongeza hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zikashindwa kutumia hata dola moja. Hazikuhitaji zaidi. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Soma tena hapo. Si dawa mpya iliyogunduliwa, si mashine, si jengo. Ni wilaya iliyopata jibu la swali lake yenyewe, ikapewa uhuru wa kulifanyia kazi. Ukiniuliza uvumbuzi mkubwa kabisa uliowahi kufanyika Morogoro ni upi, nitakutajia huo kabla ya panya, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Magawa.

Tatizo ni kwamba swali lile liliulizwa na mradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Halmashauri haikujifunza kwamba kuuliza ni kazi yake ya kila mwaka, kama ilivyo kukusanya ushuru. Ndiyo maana leo ukitafuta mahali halmashauri inapogusana na kijana mwenye wazo, utaukuta mlango mmoja tu: mkopo wa asilimia 10.

Wote tunaufahamu, na wengine wetu tuna kaka na dada walioupata. Tangu 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Nchi nyingi hazina kitu kama hicho. Lakini Aprili 2023 Waziri Mkuu akasitisha utoaji wake kwa sababu fedha zilikuwa hazirudi na vikundi hewa vimejaa, na ilibidi ufike mwaka 2024 ndipo mikopo irejee kwa utaratibu mwingine. Maelezo tuliyozoea ni kwamba vijana si waaminifu. Mimi naona kuna jambo lingine. Kikundi kinapewa hela kwanza, halafu kinatafuta mteja baadaye. Matokeo yake kila kikundi kinaandika andiko linalofanana na la jirani: kuku wa nyama, bodaboda, kutengeneza sabuni, kukodisha viti na turubai. Kata moja inakuwa na vikundi vinne vya sabuni, na wanaofulia ni wale wale. Hapo hata malaika angeshindwa kurejesha.

Kigeuze. Tuseme halmashauri inaanza kwa kusema: tunahitaji kitu fulani, tutakilipia kiasi fulani kikifanya kazi. Kikundi kikishinda oda hiyo ndipo mkopo usio na riba unaingia kama mtaji wa kuitekeleza, na marejesho yanakatwa kwenye malipo ya oda yenyewe. Hapo umeunganisha mkopo na soko. Na njia ya kufanya hivyo haihitaji sheria mpya kabisa. Utaratibu wa ununuzi wa umma unazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na Sheria ya Ununuzi ya 2023 imeendeleza mkondo huo kupitia mfumo wa NeST. Yaani dirisha lipo. Kinachopita kwenye dirisha hilo ndicho cha kusikitisha: chakula cha semina, usafi wa ofisi, uchapaji wa fulana. Kazi halali zote, sizidharau, lakini hakuna hata moja inayohitaji mtu aliyesoma ekolojia ya panya au takwimu kwa miaka mitatu.

Nini basi kinaweza kuulizwa? Nitatoa mifano miwili niliyo na hakika nayo.

Wa kwanza ni panya tena, safari hii wale wabaya. Mkulima wa mahindi wa Morogoro anajua: unapanda leo, panya shamba wanafukua mbegu usiku, unarudia kupanda. Kuna miaka wanakuwa wengi kupita kiasi. Watafiti wa SUA na wenzao wa Ubelgiji walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba milipuko hiyo haiji tu kama radi. Mvua zikiwa nyingi mapema, Novemba na Desemba, panya wanaanza kuzaliana mapema, na idadi yao inakuja kulipuka miezi inayofuata. Maana yake ni kwamba Januari, kwa kuangalia kipimo cha mvua na kutega panya kwenye mashamba machache, mtu anaweza kuiambia halmashauri ijiandae au isijiandae. Hiyo ni karatasi ya ukurasa mmoja. Wahitimu watatu wenye pikipiki, mitego na mkataba mdogo wa kila mwaka wanaweza kuitoa kwa halmashauri zote tisa. Maarifa yapo, yamechapishwa, yana umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaagiza.

Wa pili ni maji. Mafuriko ya Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuing'oa reli. Mto ule haujahama. Kujua ni nyumba zipi, visima vipi na shule zipi ziko njiani maji yakija tena, ni kazi ya ramani, na kazi ya ramani inaweza kufanywa na wanafunzi. Si ndoto. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakazi wa kata zinazofurika, mtaa kwa mtaa, wakichora mifereji, njia na majengo ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Ramani zile ni za wazi, mtu yeyote anaweza kuzitumia. Kwa nini fildi yetu isiwe hivyo?

Hapa kwenye fildi lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo panapotuuma. Kila mwaka mamia yetu tunatawanywa kwenye ofisi za umma kwa wiki kadhaa. Unajua inavyokwenda. Rafiki yangu mmoja, anasomea mipango, alipangiwa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza hakuwa na kiti. Wiki ya pili akapewa kazi ya kugonga mihuri. Zilizobaki alikuwa mtu wa kutumwa kutoa kopi na kununua vocha, huku bumu linakatika. Msimamizi wake hakuwa mkorofi, hakuwa na kazi ya kumpa tu, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa: haya ndiyo maswali ambayo ofisi hii haijayapatia majibu. Kama ingekuwepo orodha ya maswali kumi tu, imebandikwa ukutani, yule mshikaji angetoka pale na kitu, na ofisi ingebaki na kitu.

Najua majibu ya wakubwa. La kwanza: halmashauri haina fedha. Nimeshasema, Morogoro Vijijini ilionyesha kwamba swali zuri lilipunguza hitaji la fedha. La pili lina uzito zaidi, nalo ni woga wa ukaguzi. Afisa ununuzi akinunua viti mia moja, mkaguzi atahesabu viti. Akinunua utafiti ambao umetoa jibu la "njia hii haifai", mkaguzi atauliza thamani ya fedha iko wapi, na hoja inaandikwa kwa jina lake. Mtu mwenye watoto shuleni hawezi kujitoa mhanga kwa ajili ya ubunifu wa wengine. Hapo ndipo ninapouona mkoa ukiwa na kazi ya maana. Sekretarieti haina hela lakini ina kauli, ina wataalamu, na inazisimamia halmashauri zote tisa. Inaweza kuandaa mkataba wa mfano wa kazi ndogo za utafiti, wenye vipengele vinavyosema wazi kwamba kinacholipiwa ni jibu lililopatikana kwa njia sahihi, liwe zuri au baya, na kuupitisha kwa wakaguzi kabla kazi haijaanza. Inaweza pia kuzikusanya halmashauri zichangie swali moja, maana panya hawajui mpaka wa Kilosa na Gairo.

La tatu ni kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Basi tuiangalie hiyo Ulaya vizuri. Nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania, ilikuwa eneo la viwanda vya chuma na meli, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda hivyo vilikuwa vinakufa na watu wanakosa kazi. Serikali ya jimbo ikaanzisha wakala wake wa viwanda, SPRI, mwaka 1981, na mwaka 1985 ikafungua bustani ya teknolojia ya Zamudio karibu na Bilbao. Wageni wanaokwenda kujifunza huko hupiga picha kwenye ile bustani. Lakini vituo vya utafiti vilivyoibeba kazi vilikuwa vimeota kutoka kwa wenye viwanda wenyewe. Ikerlan, kwa mfano, ilitoka kwenye ushirika wa wafanyakazi wa Mondragón mwaka 1974. Serikali ya jimbo ilikuja kuvilipa na kuvikuza vitu ambavyo tayari vilikuwa na mteja. Tofauti kubwa na sisi ni kwamba Wabasque wanakusanya kodi zao wenyewe, kwa mapatano yaliyorejeshwa mwaka 1981, na kwa hilo hatuwezi kujilinganisha nao. Lakini mpangilio wa hatua, mteja kwanza na jengo baadaye, hauhitaji kodi yoyote.

Na vyuo navyo visijifiche. Utafiti wetu wa mwaka wa mwisho unaandikwa kwa Kiingereza, unajaladiwa, unawekwa kwenye rafu, na diwani wa kata uliyoifanyia utafiti hatauona maisha yake yote. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala kwenye majarida ya nje, hapandishwi kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili uliomsaidia afisa kilimo wa Mvomero. Sishangai afisa huyo haulizi chochote chuoni. Majibu yetu hayajaandikwa kwa ajili yake. Na ipo kejeli moja katika hili. Mzumbe, kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa. Yaani katika mkoa huu huu, kilomita chache kutoka SUA, kipo chuo ambacho kilizaliwa kwa ajili ya halmashauri. Watu wa Mzumbe wanajua halmashauri inavyofikiri na bajeti inavyopita, watu wa SUA wanajua panya na mpunga, na tunakutana kwenye bonanza la michezo tu.

Kwa hiyo pendekezo langu linaanzia kwetu, kwenye serikali za wanafunzi za vyuo vya Morogoro, kabla ya kumfuata Mkuu wa Mkoa. Halmashauri hupitisha makadirio ya bajeti kwenye Januari na Februari, kabla hayajapanda ngazi za juu, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kuanzia Oktoba maofisa mipango wanakuwa wanakusanya vipaumbele. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, na sisi ni wananchi hata kama kura tulijiandikishia kwetu. Wizara za elimu za serikali zetu za wanafunzi zinaweza kumwandikia kila Mkurugenzi wa halmashauri barua yenye ombi moja: tupeni maswali matano ambayo mngependa yajibiwe mwaka huu, kwa Kiswahili, bila maneno ya semina. Maswali hayo yachapwe kwenye jarida hili na kubandikwa idarani kabla watu hawajachagua mada za utafiti na vituo vya fildi. Halmashauri isiyojibu nayo ichapwe, jina lake na nafasi tupu chini yake.

Nimeanza kuiandika hiyo barua. Toleo lijalo likitoka tutakuwa tumeshajua ni ngapi kati ya tisa zimejibu.